Mtu Aliyekuwa Akilishwa

Sikilizeni, wanangu, na msikilize mkiwa mmekaa, maana mtu aliyesimama husikiliza nusu, ile nusu nyingine imeshafika mlangoni. Taisto, vuta hicho kiti. Marketta, kaa hapa miguuni pangu na uache kunivutavuta blanketi, sina baridi. Dawa za muuguzi zinanitia ukungu kichwani. Asubuhi nimekuita wewe Taisto kwa jina la marehemu baba yako, mkacheka, nami nikacheka. Lakini hili ninalotaka kulisema si la dawa. Nimeambiwa kwamba Onni hajapelekewa chakula tangu nilipolala hapa. Nimeambiwa pia kwamba hamkusahau, bali mmekusudia.

Msimlaumu Lempi kwa kuniambia. Amekuja kuniogesha, na mtu anayeogesha wagonjwa lazima azungumze, la sivyo mgonjwa ataona aibu. Akasema amemkuta Onni dukani kikapuni ana maharage ya kopo tu, akamuuliza, "Vipi, Helvi hakupikii tena?" Naye akajibu, "Watoto wamesema kwa sasa hakuna." Akalipa, akaondoka na fimbo yake kwenye barafu. Hakulalamika. Onni hajui kulalamika, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizonifanya nimchoke.

Basi ngojeni kwanza niyamalize yaliyo mepesi, maana haya mazito yanayumbayumba mbele yangu. Kiwanda cha mbao ni chako, Taisto, pamoja na mashine zake na wafanyakazi wake, na usimfukuze yule mzee wa kunoa misumeno, hata kama ananoa polepole. Nyumba hii na sauna yetu ya kuogea mvuke ni vyako, Marketta. Msumeno wa Heikki uko ghalani, mrudishieni, ingawa yeye mwenyewe aliuazima kwa mtu na hakuurudisha. Wale wa ng'ambo ya mto waliosogeza mpaka wetu, waacheni. Nimegombana nao hadi nimesahau mpaka ulikuwa wapi, na nadhani hata wao wamesahau.

Sasa Onni. Mnajua nilivyoolewa naye: baba yenu alikufa msituni, mti ukamwangukia, nikabaki na nyinyi wadogo na kiwanda alichoniachia baba yangu. Onni alikuwa mkata miti, mgongo ukamharibikia, nikamwoa. Ndiyo, nasema nikamwoa, wala msinisahihishe. Mimi nilikwenda kiwandani, yeye akabaki jikoni. Kanisani wakamwita mke wa Helvi, naye akacheka, akaomba wamfundishe kupika mkate wa iliki. Taisto, ulipougua surua ni nani aliyekulisha uji? Marketta, ni nani aliyekuwa akikusuka nywele, vibaya, msuko mmoja juu na mwingine chini, ukaenda shule hivyo hivyo ukiringa?

Halafu akaniacha. Akamfuata mwanamke wa Vancouver aliyepita hapa akiuza bima. Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema, naye aliuacha, na msala ukapita kweli, haukuchukua hata mwaka. Alirudi na mkoba mmoja. Wakati huo tulishapeana talaka. Sikumrudisha nyumbani, nyinyi ni mashahidi. Mahakama ikasema kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa nyumbani akalea na mgongo wake ni mbovu, na mimi ndiye mwenye kiwanda, nimlipe kila mwezi mpaka atakapoanza kupata pensheni ya uzee. Nikalipa nikiwa nimenuna, lakini nililipa. Naye akatia sahihi kwamba baada ya hapo hatadai kitu kwangu, nikiwa hai wala nikiwa maiti.

Siku ile malipo yalipokwisha nilirudi nyumbani mwepesi, nikapika mojakka, nyama na viazi, sufuria nzima kama kawaida yangu. Nikakaa kula, nikaona chakula ni kingi. Nikampelekea. Hapa ndipo nisipojielewa, wanangu, na msiniulize kama nilikuwa nampenda, kwa sababu nimejiuliza mimi mwenyewe mpaka nimechoka. Nilipokuwa nadaiwa sikumpa hata kijiko cha ziada. Deni lilipokwisha ndipo nikaanza kumlisha. Na kuni nikampelekea, na kile kijumba chake kando ya barabara nikawa nalipia joto lake wakati wa baridi. Niliona ni wema tu. Tenda wema nenda zako, nami nilikwenda zangu, kumbe sheria ilikuwa nyuma yangu ikihesabu sahani.

Mnakumbuka siku ile kwa wakili, Bi Kowalchuk. Wewe Taisto ndiye uliyenipeleka. Nilimwambia Onni hayumo katika wosia wangu, tumeshamalizana. Akavua miwani. "Bi Helvi," akasema, "mmemalizana kwa sheria ya talaka. Sheria ya mirathi ina swali lake. Inauliza, huyu marehemu, muda mfupi kabla ya kufa kwake, alikuwa akimtunza nani? Na mume uliyeachana naye anahesabiwa." Nikamwambia, "Lakini alitia sahihi." Akasema, "Hakimu anaweza kuisoma sahihi hiyo na kuiweka pembeni." Nikauliza kama mjinga, basi nilipokuwa namlipa alikuwa mtalaka wangu, na sasa ninampa mchuzi tu amekuwa nani? Akasema, "Amekuwa mtegemezi wako." Mpaka leo sielewi. Mtu mmoja, tumbo moja, sheria mbili zinamvuta, huku ametoka, huku ameingia. Nilidhani anayedaiwa ni mwenye deni. Kumbe hata mwenye huruma hudaiwa.

Ndipo ukauliza wewe, Taisto. Nilikusikia, ukungu ulikuwa bado haujaanza. "Na kama mama akiacha kumlisha?" Wakili akatazama meza, akasema, "Basi dai lake litakuwa jembamba." Ukaendesha gari polepole njia nzima mpaka nyumbani. Nilidhani unaogopa barafu barabarani.

Sikulaumu kama unavyofikiri. Najua hesabu zako. Hakimu akisema Onni atunzwe kutoka katika mali yangu, na mali yangu ni kiwanda na nyumba hii, mtatoa wapi? Una wafanyakazi, una mkopo wa ile mashine mpya. Nakusikia ukimwambia dada yako jikoni, kuta hizi ni za mbao zetu wenyewe na ni nyembamba, "Fadhila ya punda ni mashuzi. Alimtupa mama, leo tuuze kiwanda tumlishe?" Na wewe Marketta ukasema, "Si baba yetu." Kweli, si baba yenu. Sasa ni nani? Mume wangu siye. Baba yenu siye. Mdai wangu siye, alishalipwa. Nimemtafutia jina kitandani hapa, sijalipata.

Bibi yangu kule kwao Ufini alikuwa na neno. Wazee wakikabidhi shamba kwa watoto waliandikiana kwamba mzee atapata chumba, maziwa ya ng'ombe mmoja, kuni, na zamu yake ya sauna mpaka afe. Hakuna aliyeuliza kama anapendwa. Mtoto alichukua shamba na mzee ndani yake, kama vile mtu anunuavyo nyumba na moshi wake. Ukipenda boga, penda na ua lake. Hivyo ndivyo ninavyotaka kwa Onni. Akae kwenye kijumba kile mpaka afe, apate kuni kutoka kiwandani, zipo za kutupwa, na sahani moja kutoka meza hii. Akipewa hivyo katika wosia, Bi Kowalchuk amesema, hana sababu ya kwenda kwa hakimu, na hakuna atakayeuza hata ubao. Nimemwita. Anakuja Ijumaa kuandika.

Lakini leo si Ijumaa. Leo ni lini, Marketta? Usinidanganye kwa huruma... Ehe. Ijumaa bado ni mbali. Basi mnaona. Muuguzi amekutazameni nyinyi badala ya kunitazama mimi, na mimi natambua maana yake. Nikifa kabla ya Ijumaa hakuna karatasi. Kitakachobaki ni lile swali tu, alikuwa akimtunza nani. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Watasema alikuwa akimlisha zamani, kisha akaacha. Watasema Helvi aliacha. Nanyi mtanyamaza, na kunyamaza kwenu kutakuwa ushahidi dhidi yangu. Mmeniachisha kitu nisichokiacha. Hilo ndilo linaloniuma, Taisto, kuliko kifua hiki. Mnaniandikia wosia nikiwa hai, mnauandika kwa sufuria tupu.

Nipe maji... Basi, yanatosha.

Inuka, mwanangu. Kuna mojakka pale jikoni, Lempi ameipika, nimesikia harufu. Chukua na mkate. Usimwachie mlangoni kama paka, ingia, kaa, mwangalie akila. Akikuuliza nani amekutuma, usiseme mama ni mgonjwa ana mawazo. Sema Helvi amekuletea. Kisha urudi uniambie. Na kama utaona uchungu njiani, uone, sikukatazi. Mimi pia nilikuwa nikimpelekea nikiwa na uchungu, chakula hakikuharibika.

Umesimama? Naona kivuli, sijui ni wewe au ni baba yako, Vilho wangu. Vilho hakuwahi kuvaa koti hilo. Ni wewe. Nenda. Mungu akupe mikono ya kutosha na mdomo mfupi. Kiwanda kingurume mpaka watoto wako wachoke na kelele zake. Na wewe Marketta, akupe nyumba yenye watu, hata wale usiowajua ni nani wako. Msiuziane ubaya nyinyi wawili. Mkigombana, gombaneni sauna, huko hakuna anayeweza kukaa na hasira muda mrefu bila kuzimia.

Nizikeni karibu na baba yenu. Onni naye... sijui. Muulizeni mwenyewe anataka wapi. Mimi sijui, nimeshindwa.

Marketta. Hilo ni gari? Linaondoka, au limerudi? Nilipitiwa na usingizi hapo katikati? ... Usinifunike. Usiniambie nipumzike, binti yangu, nitapumzika sana. Niambie kama amekula.