Miguu ya Neema Juu ya Jiwe Jeusi

Ndugu zangu wa kanisa la Mabanga, Yesu apewe sifa kabla mimi sijapewa kiti! Naanza na jambo nililoliamini kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha: kwamba jiwe jeusi la volkano linanyonya nguvu za miguu ya mtoto mgeni. Akilikanyaga kabla hajazoea nchi, basi, hatatembea maisha yake yote!

Aliyeniambia ni kijana aliyetubebea mizigo kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao, siku tulipoingia Goma kutoka Kigoma. Alisema huku anacheka. Mimi nikadhani anacheka kwa huruma.

Sasa tazameni. Kwetu watoto walizoea mchanga. Hapa ua ni jiwe, njia ni jiwe, hata choo kimechimbwa kwenye jiwe! Furaha, mkubwa, nilimvalisha soksi tatu tatu ndani ya viatu. Neema alikuwa bado mchanga. Huyo nikamfunga mgongoni. Niliranda mbao naye mgongoni, nilisali naye mgongoni, na harusini nilicheza naye mgongoni. Mafundi wenzangu wakaniita Mama Neema. Jioni mke wangu akirudi sokoni, mtoto anatoka mgongoni anaingia kitandani.

Miezi ikapita. Watoto wa rika lake wakawa wanakimbiza kuku, Neema hajapiga hata hatua. Ndugu zangu, hapo kicheko kiliniisha. Mke wangu alimkanda miguu kwa mafuta huku machozi yanamtoka, akasema turudi kwetu kabla mtoto hajaharibika kabisa. Nami nimemaliza shule ya jioni, diploma iko ukutani, na dawa ya mwanangu siijui! Nikafunga mpaka suruali ikakataa kunifahamu. Nikaomba kwa sauti ya kusikika mpaka mji wa Rutshuru: Bwana, nitumie mtu.

Akamtuma mama mmoja anayeleta mashu, yaani kabichi, kutoka Kibumba. Akauliza mtoto mkubwa hivi anafanya nini mgongoni. Nikamweleza habari ya jiwe. Akamfungua Neema, akamsimamisha uani, pekupeku, juu ya jiwe lenyewe. Neema akalia, akashika ukingo wa kikapu cha kabichi cha yule mama, akanyamaza. Siku ile alisimama tu. Lakini hazikupita wiki nyingi, akawa anatembea, na leo kuku wa mtaa mzima wanataka kuhama kwa ajili yake!

Namshukuru Mungu wangu. Wewe uliyefika nchi ya watu na watoto wadogo, usitishwe na kila neno la njiani. Aliyekuleta alitangulia kufika. Mwombe, atajibu. Ila mimi nilingoja malaika mwenye mabawa, akaja mama wa mashu. Siku ile aliinama, akajitwika kikapu chake, akaniambia taratibu:

"Papa Furaha, uyu mutoto haiko mugonjwa. Hatembee kwa sababu haumuweke chini."