Foleni ya Fundi Monicah

Benchi letu limeegemea ukuta wa ghala la chumvi, kwenye barabara ya kwenda Muyeye, na ukikaa hapo, upende usipende, utalitazama Jengo la Neema. Maduka kumi na mawili chini ya paa moja, sita chini na sita juu, ngazi ya saruji, na kioo kirefu mlangoni. Lilipofunguliwa mwaka wa themanini na moja tulipiga makofi tukiwa tumekaa hapa hapa. Kufikia themanini na nne, mwaka wa ukame na unga wa njano wa msaada, maduka kumi na moja yalikuwa yamefungwa. Lililobaki lilikuwa la Monicah, fundi wa cherehani aliyetoka bara na mashine yake moja. Benchini tulikuwa sisi wa siku zote: Abubakr mwenye birika la kahawa, Hakimu, mzee wa mjini ambaye hajapata kuhukumu hata kuku, Joram mziba panchari, tuliyemwita Redio kwa sababu hazimiki, na Jefwa wa Magarini, aliyeitwa Profesa kwa kuwa aliwahi kufagia shule. Mimi kazi yangu ilikuwa kusikiliza.

Asubuhi moja Monicah alivuka barabara akaja kwetu.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu, alijibu Hakimu. Mbona uso umekunjamana?

— Leo nafunga. Bwana Uthman mwenye jengo ameniambia hawezi kuweka jengo zima kwa ajili ya cherehani moja. Anataka kulifanya stoo ya mbao. Nina nguo tatu za watu, nikizimaliza napanda basi la jioni.

— Pole sana, tukasema kwa pamoja.

— Kwetu wataniuliza miaka mitatu pwani nimeleta nini. Nitawaonyesha mkasi.

Alikuwa amekishika kwa mikono miwili kikombe cha kahawa alichopewa na Abubakr, hanywi. Kisha akakirudisha kimejaa, akaenda zake. Hakimu akakinywa yeye, akatikisa kichwa.

— Masikini. Na lile jengo lilivyokuwa zuri.

— Lililoliua ni ngazi, alisema Redio. Mtu wa Malindi hapandi ngazi kwenda kununua sabuni. Juu ni mahali pa kulala.

— Si ngazi, ni kioo, alisema Profesa. Mtu anatoka kwake anajiona kapendeza. Akifika pale mlangoni anajiona mzima mzima, na vumbi lake. Anarudi nyumbani kuoga. Akishaoga, ile hamu ya kununua imekwenda na maji.

— Yakhe, nyote mmepotea, alisema Hakimu. Maduka mangapi? Kumi na mawili. Miezi mingapi? Kumi na miwili. Sasa niambieni, Ramadhani inakaa duka gani? Mwaka huu hapa, mwaka ujao pale. Biashara gani itatulia na mwezi unahamahama namna hiyo?

Abubakr akatuongezea kahawa.

Ilipofika kama saa tatu, wenye zile nguo tatu wakawa wamefika kuzichukua: mwalimu Priscilla, bwana mmoja mwenye kanzu, na mama aliyefuata sare ya mwanawe. Monicah alikuwa bado anashona. Chumba chake ni kidogo, kwa hiyo wakasimama nje ya mlango, mmoja nyuma ya mwenzake.

Basi. Hayo tu ndiyo yaliyotokea.

Lakini ulikuwa mwaka ambao mtu akiona watu watatu wamesimama kwa mpango, anajua kuna kitu kinagawiwa. Mwanamke mwenye kikapu akapita, akasimama, akajiunga. Wakaja wawili wenye baiskeli. Ilipofika saa nne foleni ilikuwa imepita maduka yote ya chini na kutokea barabarani.

— Ni sukari, alisema Redio. Nawajua kwa kusimama kwao. Foleni ya unga huegemea ukuta.

— Vitambulisho vipya, alisema Profesa.

— Meli imekwama mahali, alisema Hakimu. Huo ni mchele.

— Redio, hebu nenda kaulize, nikasema mimi.

Redio akavuka. Tulimwona akimgusa bega mtu wa mwisho, wakasemezana, Redio akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Kisha akasimama nyuma yake.

— Mbona harudi?

— Anapeleleza, alisema Abubakr.

Tulingoja. Redio hakugeuza hata shingo. Tukamtuma Profesa amwulize Redio. Profesa naye akaenda, akanong'onezwa, akasimama nyuma ya Redio.

— Hawa wametusaliti, alisema Hakimu, akavaa viatu vyake vizuri. Nawafuata niwarudishe.

Akasimama nyuma ya Profesa. Nami, nitasema kweli, nilibaki kitambo kidogo tu. Nilipofika pale nilimwuliza Hakimu:

— Mnangoja nini?

— Punguza sauti, alinijibu. Unataka watu wajue kwamba hujui?

Nilipogeuka nilikuta nyuma yangu watu tisa.

Huko ndani Monicah alimaliza nguo ya tatu, akampa mwenyewe, akainua macho. Baadaye alitusimulia alichokiona. Mlangoni palikuwa na mwanamume wa miraba minne, na nyuma yake kijiji kizima.

— Mnataka nini? aliuliza.

— Tunataka kile tulichokuja kukingojea, alisema yule bwana.

Monicah alikuwa na vifungo, uzi, na vipande vya kitambaa visivyotosha mtoto. Angewaambia hamna kitu, watu waliosimama juani tangu asubuhi wangemvunjia mlango. Akachukua utepe wa kupimia, kwa sababu ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha kutosha watu wote.

— Inua mikono, alisema.

Akampima mabega, kifua na kiuno, akaandika kwenye kikaratasi, akampa. Yule bwana akakisoma, akakikunja mara nne, akakitia mfuko wa ndani.

— Na baada ya hapa?

— Kesho uje na kitambaa, alisema Monicah. Hakujua maneno hayo yalitoka wapi.

Bwana yule akatoka na uso wa mtu aliyefanikiwa, na wote tuliomwona tukasogea mbele kwa nguvu zaidi. Nilipimwa saa tisa. Hakimu alipimwa mara mbili, maana aliona kikaratasi cha kwanza kimeandikwa kwa haraka. Wakati huo Kadzo, muuza mahamri, alikuwa ameketi kwenye baraza ya duka lililofungwa, beseni lake tupu. Wauza madafu walikuja. Abubakr mwenyewe alivuka na birika. Basi la jioni likapiga honi, likapita, na Monicah alikuwa bado anapima.

Kesho yake walirudi na vitambaa. Kikaratasi chenye namba kiliwafanya waone kuna haki yao mahali fulani, na hakuna aliyetaka kuipoteza. Mmoja alileta pazia. Mmoja alileta gunia la unga wa njano, na Monicah akamshonea suruali, na suruali ikamkaa. Wiki ya pili Kadzo alimwendea Bwana Uthman kutaka lile duka aliloketi mbele yake. Akafuata muuza kaseti, akafuata kinyozi, na mbao za Bwana Uthman zikatafutiwa mahali pengine. Mwaka ulipoisha maduka kumi yalikuwa wazi. Monicah alikuwa na vyumba viwili na wasichana wawili wa kushona, na alikuwa amemwita mama yake kutoka bara aje aone. Mama alipojiona kwenye kile kioo, alicheka mpaka akakaa chini.

Nasi tukarudi benchini, tukiwa na la kusema.

— Jengo hili nimelifufua mimi, alisema Redio. Ningerudi na habari siku ile, foleni ingevunjika.

— Ulisimama mtu mmoja tu, alisema Profesa. Nilipofika mimi ndipo ikawa foleni.

— Na aliyepimwa mara mbili ni nani? aliuliza Hakimu.

Hapo ndipo alipokuja mwanamke mgeni, amejifunga buibui, ana ufunguo mkononi. Alitusalimu kwa adabu, akasema anaitwa Kulthum, ametoka Mambrui, anataka kufungua duka la udi na manukato katika mojawapo ya vyumba viwili vilivyobaki, ila bado hajaamua; Bwana Uthman amempa ufunguo akaangalie.

— Nimewasikia mnavyolijua jengo hili, alisema. Basi nami nina swali moja, wazee wangu. Nyinyi mnaokaa hapa kila siku, huwa mnanunua nini mle ndani?

Redio alimtazama Profesa. Profesa alimtazama Hakimu. Hakimu alinitazama mimi, nami nikatazama miguu yangu.

Kulthum alingoja, ufunguo mkononi.

— Kahawa imekwisha, alisema Abubakr, na mvuke ulikuwa bado unatoka kwenye mdomo wa birika.