Nguo ya Kilio Mlangoni pa Ofisi

Kijiwe chenyewe ni gogo la reli lililolazwa juu ya matofali, mkabala na ofisi ya serikali, mwendo mfupi kutoka stesheni ya Kamina. Mchana Mama Mputu huleta termosi ya kahawa, na kila mtu hukaa mahali pake. Kuna Kazadi aitwaye Mashinisti, mstaafu wa treni ambaye bado anazungumza kama anashindana na injini. Kuna Jephté wa pikipiki, aitwaye Waziri kwa kuwa hajawahi kukosa jibu. Na kuna Philémon, bawabu wa ofisi hiyo, aitwaye Barière, yaani kizuizi. Siku hiyo Barière alikuwa amevaa tai iliyomkaba. Tangu Jumatatu mlangoni pana tangazo la mkubwa mpya: wanaume koti na tai, wanawake suti, viatu vyeusi vya kufunika, sandali marufuku. Yeye ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kurudisha watu. Asubuhi hiyo, kwa mara ya pili, alimrudisha Mama Ndaya, mpiga chapa, mjane, kwa sababu ya nguo yake nyeusi ya kilio na sandali zake. Akirudishwa mara ya tatu, atahesabiwa ameacha kazi.

— Minyi nafwata tu karatasi, alisema Barière, wala hakuna aliyemuuliza.

— Karatasi iko na haki, alisema Mashinisti. Zamani shefu wa gare, mukubwa wa stesheni, alikuwa anavala kofia, na treni ilikuwa inafika na saa yake. Siku balimutosha kofia pa kichwa, treni ikaanza kuchelewa.

— Kofia njo ilikuwa inakokota treni? aliuliza Mama Mputu.

— Weye cheka tu! Treni inajuaka muntu mwenye kuvala muzuri.

Waziri alitikisa kichwa kwa huruma.

— Hapana, muzee. Hii mambo iko na siri. Banalazimisha makoti juu bantu basikie joto, barudie kwabo saa sita. Mukubwa anabakia yeye moja na stempe yote, mihuri yote ya ofisi! Minyi nilimubeba na moto, pikipiki yangu, nikaona: anavala soksi mbili mbili. Muntu wa soksi mbili anafichaka kintu.

Barière alicheka pamoja nao, ila roho yake haikuwa pale. Mwaka jana alipofiwa na mkewe, Ndaya alikesha msibani siku tatu akiwapikia wageni.

Ndipo akatokea Émerence, mdogo wake Ndaya, na jasho la njiani usoni.

— Jambo, bapapa. Papa Philémon, yaya Ndaya ananituma. Nguo ya kilio, famille ya bwana yake njo itamutosha, mwezi wa munane. Yeye mwenyewe hana ruhusa ya kuivua. Anauliza: kesho avale nini?

Mashinisti aligeukia stesheni. Waziri alishika funguo za pikipiki yake.

— Aangalie pa karatasi, alisema Barière kwa sauti ya chini.

— Ameangalia. Njo yeye aliiandika. Mukubwa alikuwa anasema, yeye anapiga chapa. Alitafuta mustari ya bantu ba kilio, hakuiona.

Aibu ilimshika Barière waziwazi. Akalegeza tai, akamnyooshea Mama Mputu kikombe. Termosi ilitoa matone mawili tu. Émerence alikuwa bado amesimama, anangoja jibu la kupeleka nyumbani.