Kiti Mahali pa Chungu

Mgeni rasmi, Chifu wetu Mama Mideva; mshauri wetu Bi. Syokau, ndugu na majirani.

Karibu

Tunakukaribisha Nyumba ya Kuamka, hapa Sarang'ombe. Wengi wetu unatujua kwa migongo, kwa sababu kila ulipotokea tulikuwa tunatimua mbio. Leo tumekaa. Hizi ndizo sura zetu.

Tulikotoka

Nyumba hii huwalaza watu walioshindwa na pombe na dawa za kulevya kwa wiki chache tu, kisha huwarudisha kwao. Tumetoka Kibera na Kawangware: mafundi, wachuuzi, na mhubiri mmoja aliyeomba asitajwe jina.

Mafanikio

Tunalala usiku, tunaamka asubuhi, na tunakumbuka yaliyotokea katikati. Mwenzetu Ouma amenenepa hivi kwamba mkewe alipokuja kumwona alimpita, akaenda kumkumbatia mpishi.

Changamoto

Ya kwanza ni ndogo. Vijana wako wakinasa chang'aa, ile pombe kali ya magendo, huimwaga kwenye mtaro unaopita chini ya dirisha letu. Siku hiyo somo la Bi. Syokau huwa gumu sana. Tunaomba mtaro mwingine.

Ya pili ndiyo inayotuuma. Mwenzetu Isaac Walubengo, seremala wa Silanga, alimaliza matibabu mwezi jana. Aliondoka na suti iliyopigwa pasi, tukamsindikiza kwa nyimbo. Mjomba wake Nyongesa alifurahi mno kwamba kijana ameacha pombe, akaita wazee, akasherehekea kwa chungu cha busaa, pombe ya nafaka. Kiliwekwa katikati ya chumba cha Walubengo, watu wakakizunguka na mirija yao.

"Mjomba, mimi nilikatazwa," Walubengo akasema.

"Ulikatazwa pombe," Nyongesa akajibu. "Hii ni chakula. Ama siku hizi wewe ni mkubwa kutushinda?"

Kukataa mrija wa mjomba mbele ya wazee ni kumtukana. Walubengo aliushika, akijiambia ataonja tu. Kulipokucha alikuwa langoni petu, suti imelowa, viatu mkononi.

"Umesahau nini?" Bi. Syokau akamuuliza.

"Kila kitu ulichonifunza, madam."

Tulicheka, naye akacheka, kisha akalia. Kila mmoja wetu ana Nyongesa wake nyumbani.

Ombi

Hatuombi vitanda wala magodoro. Walubengo anarudi kwake Jumamosi, na tumesikia Nyongesa amefurahi tena. Kimea cha busaa kimeshaanikwa.

Mama Chifu, sisi ni watu wa mtaa. Tunajua hakuna chungu kinachobaki mahali wewe ukiingia. Hatutaki umkamate mtu, maana Nyongesa anampenda sana mtoto wa dadake. Njoo tu mapema, unywe chai, ukae hadi wazee waage. Hapo Walubengo hatakuwa amemkataa mjomba. Mjomba ndiye atakuwa amemheshimu Chifu.

Tunaogopa. Hatutaki kumwimbia Jumamosi na kumfungulia lango Jumapili.

Mungu akupe afya, na miguu yako isichoke kabla ya Silanga. Kiti unachokalia sasa alikitengeneza Walubengo mwenyewe wiki hii. Jumamosi tutakibeba hadi kwake, tukiweke katikati ya chumba, pale palipokaa chungu. Tafadhali, kisikae kitupu.

Ni sisi, waliopona na wanaojaribu tena,
Nyumba ya Kuamka, Sarang'ombe.