Tanzia ya Bolti ya Nyuma, Upande wa Kulia

Wasikilizaji wapendwa, tafadhali simameni. Mlio jikoni mnachambua maharage, simameni na maharage yenu. Sauti ya shule yetu, inayosikika kwa spika mbili kutoka bwaloni hadi geti la parokia, inatangaza kwa huzuni isiyopimika kuondoka kwa mzee aliyeitumikia Karatu na Ngorongoro miaka ishirini na mitatu bila likizo. Hakuwahi kuugua. Hakuwahi kulalamika. Hakuwahi hata kugeuka.

Mnaweza kuketi. Marehemu alikuwa bolti.

Narudia kwa waliochelewa. Bolti ya springi ya nyuma, upande wa kulia, ya Landrova ya parokia. Matroni, futa machozi.

Marehemu alizaliwa Ulaya, akaletwa kwetu mwaka 1961. Kazi yake ilikuwa moja: kuishikilia springi isiachane na chesisi. Alipanda ukingo wa kreta kwenye matope ya masika. Alishuka Olbalbal kwenye vumbi la kiangazi. Alibeba mapadre, alibeba mahindi. Na mwaka 1964, kwenye mteremko wa Rhotia, alibeba mama mwenye uchungu ambaye hakuwahi kufika hospitali. Mtoto alizaliwa kwenye kiti cha nyuma, juu ya marehemu kabisa.

Mtoto huyo ni Hyasinta, binti wa Bartolomeo, ambaye ndiye dereva wa gari hilo na ndiye fundi wake. Hyasinta ana miaka ishirini sasa. Kesho, Jumamosi, anaolewa na Metui wa Olbalbal. Na tangu akiwa mdogo amekuwa na neno lake moja: "Nilikuja duniani kwa gari hili, nitaondoka kwa baba kwa gari hili hili. Likiugua, nitangoja lipone."

Narudia: atangoja. Bartolomeo anamjua binti yake. Alipoona springi imekatika, harusi ikiwa imekaribia hivyo, alianza kutafuta nyingine siku hiyohiyo.

Springi nyingine ilipatikana kwenye gari lililokufa Mbulu. Kilichobaki ni kuitoa ya zamani. Hapo ndipo marehemu alipoonyesha tabia yake.

Alikuwa amejibana kati ya tangi la mafuta na chesisi, mahali ambapo mkono wa mtu mzima unaingia hadi kiwiko, kisha unajuta. Nati ilitoka. Bolti ikakataa. Kutu ilikuwa imeiunganisha na kijibomba cha chuma kilicho ndani ya bushi, ile pete ya mpira inayokaa kwenye tundu la springi. Ukiigonga, mpira unanesa. Ukiigeuza, inageuka na mpira. Ukiiachia, inarudi ilipokuwa.

"Inanicheka," alisema Bartolomeo.

Alimimina mafuta ya taa. Alimimina dizeli. Shemeji yake Patrisi, seremala, akaleta bomba refu la kuongezea spana urefu. Wakaning'inia wote wawili. Spana ikakatika.

"Shemeji, ikate kwa msumeno," alisema Patrisi, akiwa bado chini.

"Nikiikata nitafunga nini? Wewe umeona bolti dukani mwaka huu?"

"Dukani hata chumvi sijaiona."

"Basi shika tochi, unyamaze."

Juzi Jumatano akafika Ngoyai, baba yake Metui, akitembea kutoka Olbalbal na kibuyu cha mafuta ya kondoo. Kwao bibi harusi hupakwa mafuta hayo kabla ya kuondoka kwa wazazi wake. Ngoyai alikuta miguu miwili imetokeza chini ya gari.

"Mkwe, nani amekulaza?"

"Bolti, mkwe."

Ngoyai akachungulia. Akaitazama bolti kama anavyotazama ng'ombe aliyegoma kuamka. "Kwetu ngozi ikikauka tunaipaka mafuta, inalainika. Na hii imekauka."

"Hayo ni ya bibi harusi, mkwe."

"Bibi harusi mwenyewe mwembamba. Yatabaki."

Mkwe hakataliwi. Hasa mkwe aliyekuja kwa miguu. Bartolomeo akapokea, akapaka bolti, akapaka bushi, akapaka kila alipofikia. Landrova ikanukia kama sikukuu. Wakaenda kula.

Jana asubuhi bushi haikuwepo. Fisi alikuwa ametoka korongoni. Mpira wote alikuwa amekula, chuma akakilamba, na kwenye bampa akaacha alama za meno. Bartolomeo alikaa juu ya ndoo, akashika kichwa. Bushi mpya angeitoa wapi?

Kisha akatazama tena. Mpira hakuna. Kijibomba kiko wazi. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu cha kushika. Akakibana kwa spana ya mabomba, akagonga bolti kwa nyundo. Krrr. Akagonga tena. Marehemu akatoka mzima, na meno yake yote.

Hyasinta alipiga vigelegele hadi kuku wa parokia wakaruka ua.

"Umeona mafuta yetu," alisema Ngoyai.

"Kazi kafanya fisi, mkwe."

"Na fisi nani alimwita?"

Kisha akavua katambuga yake ya kulia, akampa Bartolomeo achonge bushi. "Hili lilikuwa tairi kabla ya kunijia mimi," alisema. "Lirudi kwa ndugu zake." Kwa hiyo kesho mkimwona baba wa bwana harusi mguu mmoja peku, msicheke. Huo mguu ndio ulioozesha.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa familia ya marehemu, hasa pacha wake wa upande wa kushoto, ambaye bado yuko kwenye kutu. Na sisi tujiulize: ni wangapi kati yetu tumeng'ang'ania mahali, tukidhani huo ni msimamo, kumbe ni kutu? Marehemu amelazwa mahali pa heshima. Apumzike...

Samahani. Kuna mtu mlangoni. Ni mzee Bartolomeo mwenyewe.

"Wewe kijana. Marehemu wako kalazwa wapi?"

"Mahali pa heshima, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Apumzike vipi na kazi hajamaliza? Gari liko juu ya jeki. Binti amekaa ndani na sanduku lake, hataki kushuka. Nimepekua gereji nzima. Mpaka nimemsingizia fisi."

Wasikilizaji wapendwa, tuna marekebisho. Marehemu yuko hapa mezani, amekandamiza karatasi zangu. Nilimchukua jana nilipokwenda kuwahoji wafiwa. Nilimwona amelala kwenye kopo la dizeli, nikadhani ametupwa, kumbe anaogeshwa arudi kazini. Hakuna aliyenituma. Ni mimi.

Mzee anampokea sasa. Anamkagua meno. Sasa ananipa mimi tochi.

Harusi iko palepale, kesho saa nne. Marehemu atahudhuria.