Droni Niliyonunua Bila Kuangalia Ndani

Ndugu zangu, bamama na bapapa, mumeniona mara nyingi nikikaa huku nyuma ya kikundi chetu kimya. Leo nimekubali kusimama. Majina ya batu sitataja.

Kule Mushaki nilikuwa mupiga picha wa ndoa. Kamera yangu ilitosha, lakini benye harusi banaanza kuniuliza: "Mama Picha, ile ya kuruka juu iko wapi?" Njo nikanunua droni ya okazyo, iliyokwisha kutumiwa, kwa muntu mumoja wa kupita njia. Alinionyesha inapanda, inashuka, basi. Nikaangalia mabawa, nikaangalia batri. Ile karte ya ndani, inayochunga picha, sikuifungua. Nilikuwa mugeni wa hizo vitu.

Jumamosi ya kwanza nikairusha kwenye ndoa, juu ya mashamba ya maharagi. Batoto banashangilia, na miye nacheka pamoja nabo. Haikupita robo saa, basoda, wale askari wa vita, bakaingia na bunduki katikati ya ngoma.

"Ni nani anarusha hii?"

Nikasema ni miye. Ndugu zangu, nawaambia, wakati wa vita kila kinacholia juu kinatisha batu, na miye sikuomba ruhusa kwa yeyote.

Komanda wabo akafungua karte kwenye telefone yake. Zikatoka picha za mahandaki yao, mahema yao, silaha zao, siku na saa zimeandikwa chini. Akanigeuzia telefone mbele ya batu bote: "Mama, hii ni harusi ya nani?"

Nikasema nimeinunua juzi tu. Akacheka.

Nikakaa kasho, ile gereza yabo, siku ine. Nilisikia soda mumoja anauliza kama bananipeleka mbali ao bananimalizia hapa. Nilisali, kisha nikaacha kusali. Ndiyo, niliacha. Nikabaki nafikiri tu: nani atamusuka binti yangu nywele?

Siku ya tano, sauti ya mwanamuke mulangoni. Mama ya bibi arusi! Yule niliyeharibu sherehe yake. Amekuja kwa miguu na bamama bane wa parokia, telefone mukononi.

"Papa Komanda, angalia siku na saa ya hizo picha zako. Ni Pasaka asubuhi. Sasa angalia hii filimu yangu ya komunyo ya kwanza, Pasaka ile ile, saa ile ile. Huyu mwenye kamera mbele ya altare, si ni yeye?"

Komanda akaangalia mara mbili. "Na kama ningekufunga na wewe?"

"Basi tungekaa wawili."

Akaniachilia. Droni ikabaki kwake, kamera pia. Bale bamama bakanisindikiza mupaka nyumbani. Miezi mingi niliogopa hata kutoka nje, mupaka nikakimbilia hapa Walikale na binti yangu, na nyinyi mukanipokea bila kunisukuma niseme. Asante sana.

Unayetaka kununua kitu kilichotumiwa, telefone ao kamera, uliza kilitoka mukono gani. Fungua kila kitu ndani, muuzaji akiwa mbele yako.

Yule mama ya bibi arusi nilimuomba musamaha kwa ile ndoa. Akanijibu: "Ndoa ilifungwa kanisani, dada. Kilichoharibika ni ngoma tu."