Paskalia Banzi na Daraja la Mto Mwele

Baba Padre, Shehe wetu, ndugu na jamaa, majirani wa Kilakala na wa hapa Lusonge, nanyi wanachama wa Klabu ya Huduma Bondwa, familia inawaomba utulivu wa dakika chache, tuwaeleze huyu tunayemlaza leo alikuwa nani, maana asubuhi hii wengi wenu mmevuka mto kwa dakika mbili, na wapo watoto hapa wanaodhani lile daraja lilikuwapo tangu mlima ulipoumbwa.

Marehemu Paskalia Dominiki Banzi alizaliwa hapa hapa Lusonge tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Dominiki Banzi na Mama Agata, na mdogo wake wa kumfuata alikuwa Filomena, nao walilala kitanda kimoja, wakala sahani moja na kuchapwa fimbo moja kwa makosa ambayo mara nyingi yalikuwa ya Paskalia. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, akitembea saa nzima kushuka na zaidi ya hapo kurudi, na alipomaliza darasa la saba akiwa wa tatu shule nzima nafasi za sekondari zilikuwa mbili tu, jambo ambalo hakulilalamikia lakini hakulisahau, maana hadi mwaka jana aliweza kuwataja kwa majina wale wawili waliomtangulia.

Miaka mitano alibeba ndizi na njegere kichwani kutoka huku juu hadi sokoni Morogoro, na mwezi Juni 1987 akaajiriwa kuwa mpishi katika hosteli moja pale Kilakala, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na tisa. Tarehe 8 Septemba 1990 alifunga ndoa na Gervas Mloka, dereva wa trekta la miwa huko Turiani, mtu mpole aliyependa kusema kwamba nyumbani kwake usukani ameuacha kwa mwenyewe, nao wakajaliwa Tomasi mwaka 1991 na Leokadia mwaka 1994, kabla Gervas hajatangulia mbele ya haki mwaka 2009.

Mwezi Aprili 1998 Filomena alishikwa na uchungu hapa kijijini, wanaume wanane wakambeba kitandani kumpeleka chini kwenye zahanati, wakafika mto Mwele alfajiri na kuukuta umejaa, maji mekundu yanaviringisha mawe, hakuna pa kukanyaga. Paskalia alikuwa amepata habari jana yake, kabla mto haujajaa, na kupanda kutoka mjini, akafika ng'ambo ya pili saa mbili asubuhi, na kwa saa saba wale ndugu wawili walionana bila kugusana, mmoja amelala chini ya mgomba na mwingine amesimama kwenye jiwe akipiga kelele, "Filo, vumilia, maji yanapungua!" wakati maji hayakuwa yakipungua. Mtoto alizaliwa saa sita mchana, wa kike, analia vizuri, lakini damu ya mama yake haikukatika, na ilipofika saa tisa Filomena aliinua mkono mara moja kuelekea ng'ambo, kisha hakuuinua tena. Paskalia alivuka kesho yake, sauti imemkauka, akamchukua yule mtoto na kumlea pamoja na wake, na mtoto huyo aliitwa Esther, naye ndiye aliyesimama mbele yenu akisoma maneno haya.

Kwa miaka kumi na minne hakumsimulia mtu habari za siku ile, hata sisi watoto wake.

Mwaka 2004 Klabu ya Huduma Bondwa ilianza kukutana katika ukumbi wa hosteli kila Jumatano saa kumi na moja jioni, walimu, wahadhiri, wafanyabiashara na watumishi wa serikali, wanagonga kengele, wanapokea udhuru, wanamkaribisha mgeni, kisha wanajadili mradi, na aliyewamiminia chai wiki hadi wiki, akimjua anayekunywa bila sukari na anayejificha kuongeza kijiko cha nne, alikuwa Paskalia. Jumatano ya tarehe 9 Mei 2012 hoja mezani ilikuwa rangi ya kupaka mabenchi ya stendi, nusu wanataka bluu na nusu wanataka kijani, mjadala umeshika moto, ndipo yeye akaweka birika chini na kubaki amesimama.

Mwenyekiti wa mwaka ule, Mzee Hamza Mkude, mwalimu mstaafu, akamwambia kwa upole, "Mama Tomasi, chai inatosha, ahsante."

"Shikamoo, mzee. Si chai. Ni mto."

Akawaeleza, kwa maneno machache, amesimama vilevile na kitambaa cha jikoni mkononi, na wale waliokuwapo wanasema hakulia, ila aliponyoosha mkono kuonyesha jinsi Filomena alivyoinua wake, watu wazima waliangalia vikombe vyao. Mzee Hamza akauliza mto huo uko umbali gani, na Paskalia akamjibu, "Kwa mguu wangu saa tano. Kwa wako, mzee, saba," na Jumamosi iliyofuata wanachama kumi na mmoja wakaanza kupanda, wakafika wanne, Mzee Hamza akiwa wa mwisho kwa saa saba na dakika kumi, akakaa kwenye lile jiwe, na mabenchi ya stendi hayakutajwa tena mwaka ule.

Mwaka 2013 klabu ilimpokea kuwa mwanachama, akahama kutoka kwenye birika na kukaa kitini, ingawa aliendelea kukagua chai ya wenzake kwa macho makali. Mhandisi Margareth Temu, mhadhiri na mwanachama, alichora daraja la kuning'inia, wafadhili wakapatikana, nguzo zikajengwa, na ndipo klabu ilipokwama, kwa kuwa kamba za chuma zilikuwa nne, kila moja mita mia na ishirini na karibu kilo mia nne, haziruhusiwi kukatwa, na barabara inaishia kilomita tisa kabla ya mto, njia iliyobaki ikiwa ya miguu, kona tupu na makorongo. Wapo waliosema katika kikao kwamba daraja lihamishiwe kijiji kingine karibu na barabara, na hawakusema kwa ubaya, walisema kwa kuchoka, naye akasimama na kusema, "Mlima huu tumeubeba vichwani tangu bibi zetu. Nipeni wiki tatu. Nitawaletea mabega."

Alipita Lusonge na vijiji vitano vya jirani, Ijumaa alisimama nje ya msikiti baada ya swala, Jumapili nje ya kanisa baada ya misa, akiomba watu mia mbili na arobaini, sitini kwa kila kamba. Jumamosi ya tarehe 9 Agosti 2014, kulipopambazuka, karani wa klabu aliandika majina mia nne na kumi na saba, kisha daftari likajaa na watu bado wanashuka kutoka kwenye ukungu, akina mama na watoto migongoni, wazee waliokatazwa na wajukuu zao, na wanachama wa klabu wamevaa fulana zao nyeupe ambazo hazikubaki nyeupe hata saa moja.

Kamba zilinyooshwa njiani, kila mtu akaweka bega lake, zikaondoka. Mhandisi Margareth alitangulia hadi kilima cha pili, akageuka kutazama, akaona mlima mzima umefungwa mstari wa watu, unapinda kona na kupotea kwenye migomba, unatokea juu yake tena, mwanzo hauonekani na mwisho hauonekani, wanaimba, na alisema baadaye kikaoni, "Nimesoma nguvu za chuma miaka kumi. Hii sikufundishwa."

Saa nne na nusu, kwenye mteremko wenye utelezi, waliotangulia na kamba ya tatu waliteleza, uzito ukaanza kuwavuta wa nyuma yao mmoja baada ya mwingine kuelekea korongoni, na katika makelele yale ikasikika sauti ya Paskalia, ile iliyokauka ng'ambo ya mto, "Asiachie mtu! Kaeni chini! Wote kaeni!" Zaidi ya watu mia moja wakakaa chini kwa pamoja, visigino vimezama ardhini, kamba mapajani, nayo ikasimama. Yalisikika maji tu huko chini, hakuna aliyeumia, hakuna aliyeachia, mpaka bibi mmoja katikati ya mstari akasema, "Basi na tupumzike kabisa, maana tumeshakaa," na kicheko kikapanda mlima wote, kutoka bega hadi bega, kwa watu ambao hata hawakusikia kilichosemwa. Saa kumi jioni kamba zote nne zilikuwa mtoni.

Daraja lilifunguliwa tarehe 18 Oktoba 2014, na hadi leo, kwa hesabu ya wakunga wa hapa, akina mama mia mbili na sita wamelivuka wakiwa na uchungu, wote wakafika ng'ambo.

Mwaka 2016 alistaafu kazi, na mwaka huohuo akachaguliwa mwenyekiti wa klabu, ambapo ilipofika saa kumi na moja kamili alifunga mlango, hata kama mgeni rasmi yuko nje anagonga, na tunawaomba radhi hapa wote aliowafungia.

Mwezi Januari 2024 alianza kuvimba miguu, akapimwa na kuonekana moyo umetanuka, akatibiwa kwa mwaka mzima akiingia na kutoka hospitali. Jumatano ya tarehe 5 Februari 2025 wanachama saba walikuja wodini, muuguzi akaruhusu wawili, hivyo watano wakakaa kwenye benchi nje ya dirisha na kikao kikaendeshwa kwa kupitia dirishani, wakaamua kijiji cha juu zaidi nacho kijengewe daraja. Akauliza, "Mmeandika?" Wakajibu, "Tumeandika, Mama." Akasema, "Basi nendeni, muda wa kuona wagonjwa umekwisha." Alifariki Jumapili ya tarehe 9, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, ameacha watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule aliyeacha dirisha wazi, majirani wa Kilakala waliotupikia tangu Jumapili, wafanyakazi wenzake wa hosteli, wanachama wa klabu, na vijana wa Lusonge waliochimba kaburi kwenye mwamba huu bila kulipwa wala kuombwa mara mbili. Hatuwezi kumshukuru kila mtu, tupokeeni hivyo hivyo.

Mama yetu Paskalia, ulale kwa amani kwenye ardhi ya mama zako, pembeni ya Filomena.